Jina la Mdogo Wangu, Vidole Vyangu

Sehemu iliyopita mliniacha kitandani hospitalini, mkono wa kulia umefungwa bandeji nene kama kichwa cha mtoto, na nyapara Deng anamwambia muuguzi kwamba mimi naitwa Ran Cuilan.

Mimi si Ran Cuilan. Cuilan ni mdogo wangu, tumbo moja. Mimi ni Ran Shuzhen, na mashine ya kukandamiza mifuniko ya masufuria ilikuwa imekwisha kula vidole vyangu vinne, ikaniachia gumba tu.

Wengi mmeniandikia kunilaumu. Mmoja kasema mwanamke mzima anayefanya kazi kwa jina la mtu mwingine kajitakia mwenyewe. Sawa. Ila huyo hajawahi kusimama kwenye geti la kiwanda hapa Dongguan akaambiwa, "Mama, umri umekutupa, nenda kalee wajukuu," na wajukuu wenyewe hana. Kiwanda chetu hakichukui mwanamke aliyepita miaka arobaini na mitano. Mimi nilikuwa nimepita zamani.

Kijijini kwetu Guizhou, kitambulisho huazimwa kama ungo. Anayehitaji anachukua, akimaliza anarudisha. Wanawake kibao waliotoka kwetu wanaitikia majina ya wadogo zao, na wanyapara wanajua. Wanafumba macho, maana mikono yetu inafanya kazi vilevile.

"Chukua, dada," Cuilan aliniambia siku ile akinikabidhi chake. "Tunafanana. Na picha yenyewe nimenuna hivi, nani atajua kama ni wewe au ni mimi?"

Tulicheka mpaka tukashikana mabega. Kicheko kile kimenitokea puani.

* * *

Siku niliyotolewa hospitali nilikwenda moja kwa moja kiwandani. Mlinzi aliyezoea kunitania kila asubuhi alinizuia getini.

"Unamtafuta nani?"

"Umelewa wewe? Ni mimi!"

"Wewe nani?"

"Ran Shuzhen," nikasema, maana nilikuwa nimechoka kudanganya.

"Hatuna mtu wa jina hilo."

"Basi Ran Cuilan!"

Akaitazama bandeji yangu, kisha akatazama pembeni. "Ran Cuilan yuko likizo kwao. Nenda, mama. Usinitafutie balaa."

Nililia palepale barabarani, mbele ya muuza viazi vitamu vya kuchoma, bila aibu. Kwa jina langu sikuwahi kufanya kazi pale. Kwa jina la mdogo wangu sikuwahi kuumia. Nilikuwa nimekatwa vidole na hewa.

Aliyenielekeza kwa Wakili Ou ni Kaka Pang, tuliyelazwa naye wodi ya mikono. Yeye kiwanda cha viatu kilimchukulia mkono mzima, ndiyo maana alikuwa akiniita "tajiri", kwa sababu mimi nimebakiwa na gumba.

"Tajiri, nenda kwa Ou," aliniambia. "Watu walioumia kazini anawasaidia bure. Ila ana mdomo huyo, jiandae."

Ofisi yake iko juu ya duka la tambi, ngazi nzima inanuka mchuzi wa nyama ya ng'ombe. Nilimkuta mwanamke mwembamba anatafuna mbegu za alizeti. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akatema maganda kwenye kikombe.

"Dada Shuzhen, sheria tunayo na ni nzuri," akasema. "Ukiumia kazini wanakutibu, wanakulipa fidia, wanakupa na mkono wa bandia. Tatizo inataka kwanza ijulikane kwamba ulikuwa mfanyakazi wao. Bila hilo, wewe ni mtu aliyekatika vidole tu. Wenzako watakuja kukutetea?"

"Wananijua kama Cuilan."

"Wote?"

"Wote. Hata rafiki yangu tuliyekula naye meza moja. Akisimama leo kunitetea atasema, huyu ni Cuilan."

"Ninyi watu mnapenda kunipa kazi! Haya, asubuhi mlikuwa mnaingiaje? Mnasaini?"

"Tunaweka kidole kwenye mashine ya mahudhurio."

Ou aliruka kitini, mbegu zikamwagika.

"Kidole! Kwa nini hukuanzia hapo? Jina ni la mdogo wako, lakini alama ya kidole ni yako! Tunaomba mashine iletwe kwenye baraza la migogoro ya kazi, unaweka kidole mbele ya mwamuzi, inakutambua, kesi kwisha. Kidole kipi?"

Niliinua bandeji.

Akakaa taratibu.

"Cha shahada," nikasema. "Cha kulia."

"Na cha mkono wa pili hawakuchukua?"

"Nyapara alikuwa na haraka."

Nilitaka kulia nikajikuta nacheka, kicheko kibaya, mpaka watu wa duka la tambi wakaniangalia kutoka chini. Kitu pekee ambacho kingenitaja kuwa ni mimi kilitupwa kwenye ndoo ya hospitali.

Ou aliniacha nimalize kucheka. Halafu akanimiminia chai.

"Amebaki mtu mmoja," akasema. "Mdogo wako. Aje aseme maneno matatu tu: jina ni langu, kazi haikuwa yangu, kiwanda kile sijawahi kukikanyaga. Halafu mashine tutaitumia kinyume. Yeye ndiye aweke kidole. Mashine itamkataa, maana haimjui. Hapo kiwanda kitueleze: kama Cuilan mwenyewe anakataliwa na mashine yao, miaka yote hii aliyekuwa akiingia kwa jina lake ni nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu niumie nilipumua vizuri. Kama ni Cuilan tu ndiye anayehitajika, nilijua nimeshinda.

* * *

Lazima mjue Cuilan ni nani kwangu. Mama yetu alifariki huyu bado anatambaa. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikikata majani ya nguruwe, mimi niliyemtafunia chakula, mimi niliyemsuka siku ya harusi yake. Watu wa kijiji cha pili walidhani ni mwanangu, na sikuwasahihisha.

Nilipompigia simu hakuniacha hata nimalize.

"Nakuja, dada. Nitasema yote. Usiongee sana, utachoka."

Alishuka kwenye treni amebeba nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi, pilipili za achari na kabichi chachu. Alikuwa ameshaanza kunisema kabla hajaweka mzigo chini.

"Umekonda! Huku mjini wanakulisha nini, karatasi?"

Kisha akauona mkono.

Hakupiga kelele. Aliniketisha kitandani, akaifungua bandeji mwenyewe, mzunguko kwa mzunguko, akaweka paji la uso wake juu ya kile kilichobaki. Nilihisi machozi yake yanaingia kwenye mishono.

"Vinauma?" akauliza.

"Visivyokuwepo ndivyo vinavyouma."

"Mungu wangu, dada. Na ni jina langu."

"Jina lako halikuumia. Nyamaza."

Alinikanda, akaniosha nywele kwa beseni, akanikatia nyama vipande vidogo. Nilipohangaika na vijiti kwa mkono wa kushoto, tambi zikawa zinarudi bakulini, akaninyang'anya.

"Fungua mdomo."

"Mimi si mtoto, Lan."

"Fungua mdomo, mzee wewe. Sasa hivi ni zamu yangu."

Nikafungua. Nawaambieni ukweli, siku zile chache nilikuwa na furaha. Nimepoteza vidole vinne na nina furaha, mnaweza kuamini?

Halafu Deng akaja na kikapu cha machungwa.

Alibisha hodi mchana kweupe, kajichana vizuri, anatabasamu. Alimtazama mdogo wangu juu mpaka chini.

"Lo! Cuilan wa kweli huyu hapa! Tumefanya kazi na jina lako miaka, leo ndiyo tunakutana."

"Toka," nikamwambia.

"Natoka, natoka. Nimekuja kumpongeza tu mama wa watu." Akamgeukia Cuilan. "Nasikia Zeming wako kafaulu mtihani wa kuingia zimamoto. Hongera sana. Si jambo dogo. Wamekwisha kuja kijijini kuuchunguza ukoo?"

Zeming ni mtoto pekee wa Cuilan. Kijana huyo alishindwa mtihani mara mbili, akasoma mpaka akatoka upara mdogo hapa mbele, safari hii akapita. Kijiji kizima kilipasua fataki.

"Bado," Cuilan akajibu polepole.

"Wakija watakwenda polisi kwanza. Wanaangalia baba ana doa? Mama ana doa? Likionekana, jina la mtoto linakatwa, na mwenyewe haambiwi kwa nini." Deng akamenya chungwa, akamwekea mkononi. "Kuazimisha kitambulisho ni kosa, mama. Ukisimama barazani ukasema ulimpa dada yako, umejishtaki kwa mdomo wako. Lakini kama mtu alikuibia, hapo wewe huna kosa. Aliyeibiwa ana kosa gani? Mimi simtishi mtu. Naongea kijirani tu."

Nilikitupa kikapu kile ngazini, machungwa yakateremka mpaka barabarani. Cuilan alibaki na lile moja mkononi, hakulila wala hakulitupa.

Tulikwenda kwa Wakili Ou saa ile ile.

"Anawatisha huyo mpumbavu!" Ou akafoka. "Ni onyo tu la polisi, ikizidi sana faini. Hafungwi mtu kwa kuazimisha kitambulisho."

"Hilo onyo, wakili," Cuilan akauliza, "linaandikwa mahali?"

Ou alitazama dirishani.

"Linaandikwa," akasema. "Lakini sijaona kijana aliyekatwa jina kwa sababu ya onyo la mama yake."

"Hujaona, au haijatokea?"

"Sijaona."

Tulirudi nyumbani. Njiani alinishika mkono wa shati, upande ule wa bandeji.

"Lan," nikamwambia, "kama unaogopa, panda treni urudi. Sitakulaumu."

"Acha upuuzi wako. Nimesema nitasema."

Siku moja kabla ya shauri, aliniambia anakwenda sokoni kununua tofu. Alikawia sana. Akarudi mikono mitupu, uso mweupe.

"Tofu iko wapi?"

"Imekwisha."

Tofu kwisha sokoni, Dongguan hii! Na mimi mjinga nikaamini, nikachemsha kabichi.

* * *

Asubuhi ya shauri niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa. Nilidhani katangulia kwenda kununua maandazi ya mvuke. Nikangoja. Ou akanipitia, akampigia Cuilan simu, haikupokelewa.

"Labda amepotea njia," nikasema. "Mji anaujulia wapi?"

Ou akapiga tena.

Baraza la migogoro ya kazi ni chumba cha kawaida tu, meza ndefu, viti vya plastiki. Nilipoingia nikamwona Cuilan kakaa upande wa pili, katikati ya Deng na wakili wa kiwanda.

Nilidhani kakosea upande. Ndiyo, hivyo ndivyo nilivyodhani. Nilimpungia mkono, ule mzima, nikamwonyesha kiti kando yangu.

Hakuinua macho. Ndipo nikaona alichovaa. Shati la bluu la kiwanda, jipya, bado lina mistari ya kukunjwa, na kadi ya jina kifuani.

"Kaa," Ou akaninong'oneza. "Kaa kabla hujaanguka."

Mwamuzi alikuwa mwanamume mnene mwenye chupa ya chai mbele yake. Alimwachia nafasi wakili wa kiwanda, naye akasimama akajinyoosha tai.

"Mheshimiwa, shauri hili ni fupi. Mlalamikaji anasema alifanya kazi kwetu kwa jina la Ran Cuilan. Ran Cuilan huyu hapa. Cuilan, weka mikono mezani, mheshimiwa aione."

Mdogo wangu aliweka mikono mezani. Vidole kumi. Watu walicheka kidogo. Mimi nilivitazama vile vidole, nikakumbuka nilivyokuwa nikivikata kucha.

"Unamfahamu mlalamikaji?" mwamuzi akauliza.

"Ni dada yangu."

Moyo wangu ulirudi mahali pake. Nikasema moyoni, amenitaja! Amevalishwa tu hilo shati, lakini amenitaja.

"Kitambulisho chako alikipataje?"

Cuilan akaichezea kadi ya jina kifuani.

"Mama, umeulizwa. Alikipataje?"

"Aliniibia," Cuilan akasema.

Sikusikia maumivu. Siku ya mashine pia sikusikia mwanzoni.

"Kwa hiyo aliyekuwa akifanya kazi kiwandani ni wewe mwenyewe?"

"Ni mimi."

Ou akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Mheshimiwa! Tulikwisha omba mashine ya mahudhurio iletwe hapa. Kama shahidi huyu ndiye mfanyakazi, aweke kidole tuone!"

"Kwa furaha," wakili wa kiwanda akasema.

Deng aliileta mashine mwenyewe. Akaichomeka kwenye umeme, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. Ou alipouona ule utayari wake alibadilika rangi, lakini alikuwa amekwisha chelewa.

Cuilan akanyoosha kidole cha shahada. Deng akamshika kiwiko, kidole kikagusa kioo.

"Asante!" ikasema mashine, kwa ile sauti ya kike yenye furaha niliyoisikia kila asubuhi niliyoingia zamu.

Tofu. Ndipo nikaelewa kuhusu tofu. Hakwenda sokoni hata kidogo. Siku ile alikuwa kiwandani, wanaingiza kidole chake mahali pa changu.

Wakili wa kiwanda alikuwa bado anaongea. Mlalamikaji, anasema, aliumia kwenye karakana fulani ya kichochoroni isiyojulikana. Akatumia kitambulisho cha wizi ili atibiwe kwa bima ya wafanyakazi wetu. "Huyu si majeruhi wa kazi, mheshimiwa. Huyu ni mwizi wa bima."

"Na aliyempeleka hospitali?" mwamuzi akauliza. "Naona ni gari la kiwanda."

Deng akasimama, mikono mbele, mpole kama mtu wa msiba. "Ni mimi, mheshimiwa. Nilimkuta nje ya geti anavuja damu. Akanionyesha kitambulisho cha Cuilan, wanafanana, nikaamini. Nilimsaidia kibinadamu."

"Deng!" nilipiga kelele. "Deng, uliizima mashine kwa mkono wako! Ulinifunga kwa tambara la mafuta la kufutia mashine, ukaniambia nisipige kelele nitawaogopesha wenzangu! Deng, nitazame!"

Mwamuzi akagonga meza. "Mlalamikaji, kaa. Nakupa nafasi kidogo uzungumze na wakili wako."

Ou alinivuta pembeni, karibu na dirisha. Alikuwa anahema.

"Nisikilize vizuri. Tunayo njia. Mashine ile inaandika kila kidole kiliingizwa lini. Cha mdogo wako kimeingizwa jana. Wamefuta chako lakini tarehe hawakuifikiria, wapumbavu wale. Nikiomba ifunguliwe sasa hivi, wamekwisha. Unapata kila kitu. Matibabu, fidia, mkono."

"Fungua basi!"

"Ngoja. Nikiifungua, mdogo wako amedanganya baraza, na ametengeneza ushahidi wa uongo. Hilo si onyo tena, dada. Hilo ni mahakama."

"Na Zeming?"

"Zeming asahau zimamoto. Asahau kazi yoyote ya serikali."

"Na usipoifungua?"

"Unatoka hapa huna fidia, huna mkono, na ni mwizi." Akanishika begani. "Sikuamulii. Lakini yeye amekwisha kukuamulia wewe, na hakuuliza."

Niliitwa kabla sijajibu.

"Ran Shuzhen, simama," mwamuzi akasema. "Nataka jibu lako, siyo la wakili. Kitambulisho cha mdogo wako, alikupa au uliiba?"

Nilisimama. Ou alinishika pindo la koti chini ya meza. "Sema alikupa," akanong'ona. "Sema, dada, mimi nitamalizia."

Nilimtazama Cuilan. Kainamisha kichwa, naona utosi tu, na mvi zilizoanza katikati. Nilimchukia. Nasema kweli mbele yenu, nilimchukia kuliko Deng, kuliko mashine. Deng sikumlea. Nilitaka aozee gerezani akiwa na vidole vyake vyote kumi.

Na papo hapo nikamwona Zeming na ule upara wake mdogo wa kusoma, amesimama mlangoni anawasubiri wachunguzi, hajui kitu.

Mimi vidole vyangu havirudi. Hata wakinipa fidia ya kiwanda kizima, havirudi. Lakini kazi ya yule kijana bado ilikuwepo, nzima, na ilikuwa mdomoni mwangu.

"Niliiba," nikasema.

Ou aliliachia koti langu. "Umejiua," akasema kwa sauti, wala hakujali nani anasikia.

Deng alitabasamu, akaanza kukunja waya wa mashine.

"Unajua ulichosema?" mwamuzi akaniuliza. Alikuwa ameweka kalamu chini.

"Najua."

"Unakubali kwamba ni wizi, mwenye mali hakujua?"

"Hakujua."

Mwamuzi alinitazama kwa muda mrefu. Akautazama mkono wangu. Akamtazama Deng na ule waya wake. Kisha akamgeukia Cuilan, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Ran Cuilan, simama. Umesikia. Dada yako amekiri amekuibia. Polisi wako chumba cha chini, dakika moja wako hapa. Lakini mwenye mali ni wewe. Nakuuliza ili iandikwe: unamshitaki dada yako, au humshitaki?"

Cuilan alisimama. Wakili wa kiwanda akamwinamia, na ingawa alinong'ona, chumba kilikuwa kimya tukasikia sote.

"Sema unamshitaki. Ukimwachia, watajua ulimpa."

Polisi sikuwaogopa, waje tu. Niliogopa kumsikia yeye akisema.

Mdogo wangu aliinua uso. Alinitazama, mara ya kwanza tangu nimwone ndani ya lile shati, na machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kwenye kadi ya jina. Deng akamvuta mkono, yeye akajinasua.

"Dada," akasema.

Mwamuzi akaokota kalamu, na baraza zima likabaki linamngoja mdogo wangu amalize.